Chumba Kisicho na Jirani

Hapo zamani, nanyi msiniulize zamani ipi, kwa maana yawezekana ni ile ambayo bado haijatufikia, palikuwa na sultani jina lake Muzafari, naye alijenga mji mzima ndani ya jengo moja. Ghorofa zake zilipanda hata mtu akizitazama kofia humwanguka. Ndani mlikuwa na soko, na shule, na msikiti, na mahakama, na mabafu ya maji moto, na bustani ya michungwa iliyowivisha matunda kwa jua la taa, na mvua ya dari iliyonyesha kila alasiri kwa amri. Hata jela ilikuwamo, tena nzuri, ina dirisha. Sultani akaupa mji huo jina la Yatosha, akafunga lango kuu, kisha akatuma wajumbe kwa masultani wenziwe wakaseme, "Katika mji wa Muzafari hapana mtu aliyetoka nje kutafuta kitu." Na maneno hayo yalikuwa kweli, kwa maana lango lilikuwa limefungwa.

Sasa, jengo refu lataka njia ya kupandia. Basi palikuwa na lifti moja, iliyotoka lango kuu hata barazani kwa Sultani, nayo iliweza kusimama kila ghorofa ili bwana mwenyewe apate kukagua mji wake, ingawa tangu siku ya ufunguzi hakupata kukagua. Lifti hiyo ilikuwa yake peke yake. Ilitandikwa zulia, ikawekwa kiti chenye mto, na kioo cha kutazamia kilemba. Raia wakapewa ngazi. Waziri wa ujenzi, Khelef, akawatangazia ya kuwa ngazi ni kwa afya zao, nao wakamshukuru, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya.

Huyo Khelef na wahandisi wake walikuwa watu wa hesabu. Walijiuliza mwanadamu huhitaji nini toka aamkapo hata alalapo, wakakiweka kila kitu mahali pake, ila kitu kimoja: hawakuweka mahali pa kuzalia. Si kwamba walikuwa wabaya. Walikuwa wanaume waliooa, nao walijua ya kuwa mwanamke akikaribia kujifungua hurudi kwao, akazae mikononi mwa mama yake, na mume huletewa habari mambo yakishakwisha. Ndiyo ada, ndivyo walivyozaliwa wao na ndivyo walivyozaliwa wana wao. Basi walipofika jambo la uzazi wakasema, "Hilo hufanyika kwao," wakaendelea na chemchemi za mapambo. Hawakukumbuka ya kuwa huko kwao ndiko kulikobomolewa, na mawe yake ndiyo yaliyojenga Yatosha.

Vyumba vya raia navyo vilikuwa vyembamba, mtu akijigeuza kitandani humwamsha jirani, na sheria ya utulivu ilikataza ukelele mahali pa kulala. Ikawa wanawake wenye mimba hawana pa kwenda.

Alikuwako mkunga mmoja, Bi Sihaba, mwanamke mwenye mwili na sauti ya amri, aliyekuwa amezalisha nusu ya watu wale kabla hawajaingizwa jengoni. Akaenda ghorofa ya shule kuomba chumba kimoja. Wazee wa pale wakamkalisha, wakampa kahawa, wakamwambia, "Bi Sihaba, sisi twakupenda, na nani asiyempenda mkunga? Lakini vilio vya uzazi vitawatia watoto hofu. Jaribu kwa wenzetu wa soko." Wa soko wakampa kahawa, wakasema wateja watakimbia, aende mahakamani. Mahakamani wakasema mashahidi hawatasikika, aende kwenye mabafu. Wa mabafu wakasema watu huja pale kutuliza roho. Wa bustani hawakusema kitu, wakamchumia chungwa na kumwonyesha ngazi. Kila ghorofa ilitaka mkunga awe karibu, ila si karibu hivyo. Bi Sihaba akarudi amejaa kahawa, hana hata pembe ya kutandika mkeka.

Haikupita muda, mke wa kinyozi akashikwa na uchungu. Wakamtoa chumbani kwa sheria ya utulivu, wakampandisha, wakamshusha, hata akajifungua ngazini, kati ya soko na shule, juu ya saruji tupu, na watu wakimpita kwa adabu huku wakitazama pembeni. Mtoto hakuishi. Kisha wazee wa soko na wazee wa shule wakabishana ni ghorofa ipi ipasayo kuosha ngazi ile. Mimi nikilisimulia jambo hili hushikwa na hasira, nanyi mkishikwa nayo msione haya.

Basi katika ngazi hiyohiyo alikuwa akifanya biashara fukara mmoja, Faki, muuza kashata, mwenye kanzu moja tu, siku za kazi akiivaa hivi na siku za sikukuu akiigeuza. Watu walimwita mpumbavu, kwa sababu akiambiwa neno hulitenda kama lilivyosemwa. Siku moja langoni Waziri Khelef alimwambia, "Niondolee uso wako hapa," naye akageuka ukutani, akauza kashata kwa mgongo hata jioni. Mkewe aliitwa Mize. Mize alikuwa na mimba ya kwanza, nayo ilikuwa imeingia mwezi wake.

"Bwana," Mize akamwambia siku moja, "mimi naogopa. Mama yangu hayupo, na kwetu hakupo. Sitaki kuzaa ngazini kama mke wa kinyozi."

Mzaha wote ukamwisha Faki. Alimpenda mkewe kuliko kitu chochote, na vitu vyenyewe havikuwa vingi. "Hutazaa ngazini," akamjibu, wala hakujua itakuwaje.

Siku ya baraza akapanda hata ghorofa ya juu kabisa, akafika hana pumzi ya kusalimia, akasalimu kwa mkono. Sultani siku hiyo hakuwa na nafasi, kwa kuwa sultani wa nchi jirani alikuwa amepeleka habari ya kuja kuutazama mji usiohitaji kitu. Lakini baraza ni baraza, Faki akapewa ruhusa ya kunena.

"Maulana, uishi umri mrefu. Umetupa kila kitu. Tuna pa kusoma, pa kuoga, pa kushtakiwa na pa kufungwa. Naja kuomba pa kuzaliwa, kwa maana mtu asipozaliwa hayo mengine hayamfai."

Wazee wa ghorofa waliokuwapo wakainuka, huyu baada ya huyu, wakasema wao hawapingi hata kidogo, ila isiwe kwao. Khelef akasema jengo limekwisha, haliwezi kumegwa hata shubiri. Sultani akaona maneno yanazidi, akataka kuyamaliza kwa kicheko.

"Ewe muuza kashata, sikia. Nitafutie mahali palipo karibu na kila ghorofa ya mji huu, pasiwe na wa kulalamikia mwendo. Tena pasiwe jirani na mtu yeyote, pasiwe na wa kulalamikia kelele. Wala pasichukue shubiri moja ya ghorofa yoyote. Ukipapata hata siku wajapo wageni wangu, ni penu. Usipopapata, nitafungua lango kwa ajili yako na mkeo, mkazae huko kwao."

Baraza ikaangua kicheko, kwa sababu kila mtu alijua huko nje hakuna kitu ila jua na vifusi. Faki peke yake hakucheka. Akamwona moyoni mwake Mize juani na tumbo lake. Kisha akaitazama njia aliyoingilia Sultani asubuhi ile, akapiga magoti.

"Maulana, mimi ni mjinga, naomba nisikie vizuri. Nikipapata, tutapewa hata kama pana mwenyewe?"

"Hata kama pana mwenyewe. Naapa kwa kilemba changu."

"Na mwanamke akiwamo, atatolewa?"

"Hatatolewa na mtu, mpaka mkunga aseme."

"Na mwanamume akitaka kuingia?"

"Atabisha hodi mara tatu kama watu wote, na asipokaribishwa arudi zake. Hiyo ni ada ya kila nyumba, hata yangu. Haya, nenda, wanichosha."

Sultani alikuwa mkarimu sana kwa kitu alichojua hakipo. Faki akasema, "Baraza imesikia," akashuka.

Mize alipopata habari akalia. "Nimekutuma ukaombe chumba, umerudi na kufukuzwa!"

"Chumba kipo," akasema Faki. "Kina zulia."

"Kiko wapi?"

"Siwezi kusema. Nikisema, jirani atajua." Na kweli, upande wa pili wa ukuta jirani akakohoa.

Ikawa siku ya wageni ikafika, na asubuhi hiyo Mize akashikwa na uchungu. Wao walikaa ghorofa ya chini, nyuma ya lango kuu, na pale langoni mlinzi wa lifti, jina lake Shamte, alikuwa ameishusha lifti akiisugua kioo kwa ajili ya ugeni. Faki akafika, huku amemshika mkewe mkono mmoja na Bi Sihaba amemshika wa pili.

"Shamte ndugu yangu, ulikuwapo barazani?"

"Nilikuwapo."

"Kiapo ulikisikia?"

"Nilikisikia."

"Hiki chumba chako hufika kila ghorofa?"

"Kila ghorofa."

"Kina jirani?"

Shamte akafikiri. "Kitakuwaje na jirani? Kikifika huondoka."

"Kimechukua shubiri ya ghorofa ipi?"

Shamte akaitazama lifti, akamtazama Mize aliyeuma ncha ya khanga yake asipige kelele. "Mke wangu naye ana mimba," akasema polepole. Kisha akatoka, akageukia ukuta, akautazama kwa makini kama mtu aliyeajiriwa kutazama kuta.

Bi Sihaba akakitupa nje kiti cha mto, akatandika mkeka juu ya zulia, akatundika khanga mlangoni, na kioo akakifunika, akisema hapana mwanamke atakaye kujiona saa ile. Faki akaambiwa atoke, kama ada ilivyo. Akaanza kupanda ngazi kwenda kumjulisha Sultani, nyuma yake akisikia Bi Sihaba akibonyeza vitufe vyote kwa mpigo.

Basi tazameni mambo. Lifti ilifika soko, mlango ukafunguka, wanawake wa soko wakaona, wakaleta tangawizi na pilipili manga ya kutilia uji. Ikafika shule, mwalimu akaleta mashuka yaliyofuliwa. Ikafika mabafu, wakaingiza ndoo ya maji moto. Ikafika bustani, wakaleta machungwa kapu zima. Wazee walewale waliokosa pembe ya kumpa mkunga walikuja mbio na mikono imejaa, wakafurahi mno, kwa maana mlango ulijifunga na kilio kikaenda kwa wenziwao. Na Mize, aliyekwisha ona kwamba hana kwao, akaletewa ya kwao kwenye kila mlango.

Huko juu Sultani Muzafari alikuwa amevaa joho la dhahabu, Khelef yu nyuma yake ameshika mwavuli wa enzi, ijapokuwa ndani ya nyumba. Lifti ikafika. Mlango ukafunguka, na badala ya zulia lake Sultani akaona khanga. Papo hapo Faki akatokea ngazini, anahema.

"Maulana," akasema, "nimepapata. Pako karibu na kila ghorofa, hapana jirani, wala hapakuchukua shubiri."

Sultani akabadilika uso. "Hii ni lifti yangu!"

"Naam, Maulana. Nami niliuliza, je, kama pana mwenyewe?"

Waziri akataka kuivuta khanga, lakini Sultani akamzuia, kwa maana alikuwa mtu wa kiapo, na watu wa baraza walikuwa wamekodoa macho. Akasogea, akarekebisha sauti. "Hodi."

Ndani mwanamke akaguna kwa maumivu.

"Hodi!"

Maji yakasikika yakimiminwa ndooni.

"Hodi, jamani!"

"Hapaingiwi," ikajibu sauti ya Bi Sihaba. "Nani wewe?"

"Ni Sultani."

"Basi Sultani na asubiri, kama walivyosubiri wanaume wenziwe. Mize mwanangu, vuta pumzi." Na mlango ukajifunga mbele ya joho la dhahabu.

Wakati huohuo siwa, baragumu la enzi, ikalia langoni, wageni wamefika. Haifai mgeni wa enzi kusimama mlangoni bila mwenyeji. Sultani akatazama kulia, akatazama kushoto. "Hakuna njia nyingine ya kushukia?"

"Ipo, Maulana," akasema Faki. "Sisi wengine ndiyo tuitumiayo."

Basi Sultani akashuka ngazi zake kwa mara ya kwanza. Ghorofa za mwanzo alishuka kwa enzi, akiwapungia watu mkono. Kisha joho likawa zito, na magoti yakaanza kusema.

"Khelef, wapi pa kukaa?"

"Hatukuweka, Maulana. Tulihofu raia wangekaa."

"Na maji?"

"Yako kwenye mabafu. Tumekwisha yapita."

"Na mbona hapa giza?"

"Tulidhani wamepazoea," akajibu Waziri, naye amejishikilia ukutani, kwa maana na yeye, aliyezoea kupanda lifti nyuma ya bwana wake, ilikuwa mara yake ya kwanza.

Walipofika kati ya shule na soko Sultani akashindwa, akaketi juu ya saruji kama alivyo. Faki akamwinamia. "Maulana, kwa hisani yako, sogea kidogo."

"Kwa nini?"

"Hapo ulipokaa ndipo mke wa kinyozi alipojifungua."

Sultani akasogea, akapatazama. "Mtoto yu wapi?"

"Hakuishi."

"Mbona mimi sikuambiwa?"

"Ulikuwa ukipita hapa kila siku, Maulana, ila ndani ya lifti. Mle hamsikiki kitu."

 Sultani akavua kile kilemba alichokiapia, akakipakata, akakaa hivyo, na siwa inalia huko chini na hakuijali. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa juu tu. Machozi yakamtoka, wala hakumtuma waziri kumletea kitambaa.

Ndipo wakasikia ndani ya ukuta lifti ikishuka, na pamoja nayo sauti nyembamba, kali, ya kiumbe aliyekasirishwa na dunia tangu dakika ya kwanza. Faki akasahau adabu zote, akamruka Sultani wake, akatimua mbio.

Langoni sultani jirani alikuwa amesimama na watu wake, ameshika mkoba wa zawadi, amejiandaa kwa hotuba. Lifti ikafunguka, khanga ikasogezwa, akatoka Bi Sihaba na kitoto amekifunga kitambaa, na nyuma yake Mize amelala juu ya mkeka, amechoka, anacheka. Mgeni akatazama.

"Huyu ndiye Sultani Muzafari?"

"Huyu ndiye mwenye lifti kwa leo," akasema Bi Sihaba. "Sultani yuaja kwa miguu."

Na kweli akaja, jasho linamtiririka, kilemba mkononi, joho limeshika vumbi la ngazi. Mgeni akamdhani mpagazi, akampa mkoba amshikie. Sultani akaupokea. Khelef alipoona akapiga ukelele, "Astaghafirullahi! Huyo ndiye Maulana!" Mgeni akaingiwa na haya, lakini Sultani akautazama mkoba, akamtazama mtoto, akamtazama Faki aliyekuwa akilia kama yeye ndiye aliyezaliwa, akaanza kucheka, akacheka hata akajishikilia lango.

"Niliambiwa mji wako una kila kitu," akasema mgeni ili kuficha aibu yake.

"Naam," akajibu Sultani, "tangu leo asubuhi."

Akaamuru mbele ya watu wote ya kuwa lifti ni ya wazazi na wagonjwa, na Bi Sihaba ndiye mwenye amri nayo. Kisha akamwambia Faki, "Umenishinda. Omba utakacho."

Faki akafuta macho kwa kanzu. "Naomba kiti kimoja, Maulana, pale ulipokaa. Si changu. Mke wa kinyozi hupita pale kila siku akienda sokoni, na hana pa kusimamia."

Sultani akaitikia kwa kichwa. Khelef, kwa hofu, akauliza, "Na Maulana atapandaje kurudi barazani?"

"Ngazi ni kwa afya," akasema Faki, naye alisema kama alivyoambiwa.

Basi tangu siku hiyo Sultani akawa hupanda na kushuka kama watu. Na ajabu ni kwamba wahandisi, waliokuwa hawawezi kumega shubiri, wakaziona shubiri nyingi mno. Taa zikawaka ngazini, mabomba ya maji yakatokea kila ghorofa, na viti vikawekwa hata mahali pasipohitaji. Lakini kiti cha kwanza kilikuwa kile cha kati ya shule na soko, na wa kwanza kukikalia alikuwa mke wa kinyozi, na kapu lake mapajani. Sultani akafika akipanda, anahema, akakiona kimekaliwa. Akasimama pale, akasema, "Hodi," ingawa hapakuwa na mlango. Mwanamke yule akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasogea.

Hekaya yangu imefika chini. Atakaye kuipandisha tena, ngazi ni hizo.